Kiasi cha Kuwepo

Mto wa kiti ndio uliomwambia Mize kwanza, kabla watu hawajasema lolote. Mama yake, Bi Kazija, aliinuka kwenda kuepua sufuria, na mto aliokuwa ameukalia ukabaki na bonde dogo, bonde la paka zaidi kuliko la mtu mzima. Mize alisimama na kikombe mkononi akilitazama. Bonde likajaa lenyewe taratibu, pamba ikapanda, kitambaa kikanyooka, na mto ukawa kama haujakaliwa tangu ushonwe.

"Unaangalia nini?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Mto."

"Umechanika?"

"Hapana."

"Basi njoo ule. Mto hautoroki."

Mize alikwenda akala. Jana bonde lile lilikuwa limedumu zaidi. Au haikuwa jana. Katika mji ule jana ilikuwa na tabia ya kuchelewa. Kuna wakati ilifika baada ya leo, ikabisha hodi kwa aibu, ikapewa nafasi pembeni. Mtu aliweza kuamka asubuhi akakuta mikono yake ina makunyanzi, akanawa, na yakaondoka na maji. Kwa hiyo Mize hakujua kama alichokiona kilikuwa kimeshatokea au kilikuwa kinakuja. Alijua tu kwamba kimeanza.

Mji ule haukuwa na jina, au ulikuwa nalo ukungu ukalilamba. Ukungu wenyewe ulitoka kwenye nyumba ya mvuke, kule juu ya mtaro, ambako maji yalichemshwa ndani ya birika kubwa la mawe na kuteremshwa hadi hamamu ambamo watu wote walioga. Ukungu uliingia kila mahali, mpaka ndani ya usemi. Watu walipoongea, maneno yalitoka na kingo laini, yakayeyukia kwenye maneno ya jirani. Huenda hilo ndilo lililowatia hofu. Watu wanaoishi ndani ya ukungu hupenda sana kuta.

Na ukuta wao mkubwa ulikuwa huu. Kila nyumba ilikuwa na kiti kwa kila mtu wake, vyote vikitazama meza. Jua likianza kupoa, Muulizaji alipita nyumba hata nyumba, akasimama kizingitini na kuita majina, na kila mtu akaitika, "Nipo." Asiyesikika, jamaa yake alimwitikia kwa neno moja kati ya mawili: yupo, au hayupo. Likisemwa la pili, kiti cha mtu yule kiligeuzwa kikatazama ukuta, sahani yake ikaondolewa, na jina lake halikuitwa tena. Hakukuwa na kilio kikubwa, kwa sababu watu wa pale hawakufa kwa ghafla. Walififia. Mtu alipungua kivuli, akapungua uzito, akapungua sauti, huku bado anadai chumvi mezani.

Lakini kufifia hakuna mlango. Mng'oe mtu unywele mmoja, hana upara. Mng'oe mwingine, bado. Endelea hivyo, na upara utakuja, ila hutauona ukiingia. Hakuna unywele hata mmoja utakaoweza kuushika na kusema, huyu ndiye mkosaji. Mji ulitaka mlango hata hivyo, na ulipoukosa, ukajenga wake. Ukaujenga katikati. Aliyebaki zaidi ya nusu, yupo. Aliyepungua nusu, hayupo. Na ili nusu yenyewe isiwe na ubishi, wazee waliweka sharti: aliyepo ni mwenye sauti na kivuli na uzito. Vyote vitatu. Kikikosekana kimoja, vingine havisemi kitu.

Mize alilelewa na sheria nyingine. Alilelewa na koki.

Bi Kazija ndiye aliyekuwa mlinzi wa nyumba ya mvuke, na Mize alimrithi angali mdogo, baada ya shule kumshinda. Shuleni mwalimu alisoma sentensi, na watoto walisema kweli au si kweli. Mize alikaa kimya hadi wenzake wakamcheka, kisha akanong'ona, "Kiasi gani?" Hakupata jibu. Akaacha kwenda. Katika nyumba ya mvuke, swali lile lilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Koki ya shaba iliruhusu maji ya moto kuingia kwenye mtaro wa hamamu, na mlinzi alipima mtaro kwa mkono. Kanuni zilikuwa chache na mama alizisema huku anamenya machungwa. Maji yakiwa baridi, fungua sana. Yakiwa vuguvugu, fungua kidogo. Yakiwa moto, funga.

"Haya ni nini?" mama alimuuliza siku ile ya kwanza, amemshikia mkono ndani ya maji.

"Vuguvugu."

"Yote?"

Mize alifikiri. "Vuguvugu zaidi. Na baridi kidogo."

"Basi usimfukuze baridi kwa kuwa ni mdogo. Anakuvuta ufungue sana, ila anavuta kwa mkono wa mtoto. Vuguvugu anakuvuta ufungue kidogo, na yeye anavuta kwa mkono wa mtu mzima. Waache wavutane. Mkono wako utatulia mahali fulani kati yao, karibu zaidi na mwenye nguvu. Hapo ndipo pa koki."

"Na kama wote wana nguvu sawa?"

"Utakaa katikati na utachoka," mama alisema, akampa kipande cha chungwa.

Baadaye alimfundisha na mengine. Kuna kanuni inayotaka mambo mawili kwa pamoja: maji yawe baridi na waogaji wawe wengi. Hiyo ina nguvu sawa na lile jambo lililo dhaifu kati ya hayo mawili. Baridi ikikaza vipi, kama waogaji ni wachache, kanuni nzima inalegea. Na kuna kanuni inayoridhika na lolote kati ya mawili. Hiyo inachukua nguvu ya lililo kali zaidi. "Kwa hiyo angalia vizuri unatumia ipi," mama alisema. "Ya kwanza ina roho ngumu. Ya pili ina huruma." Na la mwisho, ambalo Mize alilipenda na kuliogopa: ukishasikiliza sauti zote, ndogo na kubwa, lazima mkono utue. Maji hayaendi hamamuni kwa maelezo. Yanakwenda kwa koki iliyo mahali pamoja.

Hivyo ndivyo Mize alivyoishi, akiongea kidogo, kwa sababu kila neno alilotaka kulitoa lilidai kupimwa kwanza, na watu hawakuwa na subira ya kungoja.

Jirani yao Bi Hidaya alikuja wakati ule ule wa bonde la mto, au karibu yake, ameshika kopo tupu.

"Una chokaa, Mize? Ukuta wangu umelowa tena."

"Ule ule?"

"Ule ule. Napaka, unalowa. Napaka, unalowa. Mvuke wenu utatumaliza." Akachungulia ndani. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mbona simwoni?"

"Niko mbele ya macho yako, Hidaya," mama alisema kutoka kitini. "Pangusa hayo matongo."

Bi Hidaya hakugeuka. Hakusikia. Aliendelea kutabasamu kuelekea kitini kama mtu anayetabasamia dirisha. Mize akachukua chokaa na brashi, akamfuata jirani kwao, ili tu asibaki pale.

Kiti cha marehemu, ingawa neno hilo halikutumika mjini, kiti cha mume wa Bi Hidaya kilikuwa kimetazama ukuta tangu Mize hajaota meno ya pili. Mbele yake, juu ya ukuta, palikuwa na doa la unyevu. Mize alikuwa ameyaona madoa ya namna hiyo katika nyumba nyingi. Kila mtu alikuwa nayo na kila mtu alilaumu mvuke. Alichovya brashi. Kabla ya kupaka, kwa mazoea ya kazi tu, alipima kwa mkono.

Mvuke unaoganda ukutani huwa baridi. Mkono wake ulilijua hilo kabla yeye hajalifikiri. Doa lile lilikuwa baridi kwa sehemu kubwa, na vuguvugu kidogo. Lilikuwa la mviringo. Lilikuwa kwenye kimo cha uso wa mtu aliyekaa.

"Paka, mwanangu," Bi Hidaya alisema nyuma yake kwa upole. "Mimi nikilipaka, mkono unanitetemeka, sijui uzee."

Mize hakupaka. Aliiweka brashi juu ya kopo na kuondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipofika nyumbani alikwenda kwenye kona ambayo hawakuisogelea, penye kiti cha baba yake, kilichogeuzwa wakati Mize bado anabebwa mgongoni. Alipenyeza mkono kati ya kiti na ukuta. Baridi. Baridi. Na chini ya baridi hiyo, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, vuguvugu kidogo sana. Ikaja. Ikaondoka. Ikaja.

Pumzi.

Basi mji mzima, alifikiri. Kila nyumba. Wamekaa, wametazama ukuta, hawaitwi, hawapewi sahani, na wapo. Kidogo, lakini wapo. Hakuna aliyesema uongo mlangoni, maana maneno yalikuwa mawili tu, na hakuna hata moja lililowatosha. Na kila mwaka jamaa zao wanachukua chokaa, wanawapaka usoni.

"Unajua?" alimuuliza mama.

Mama alikuwa anafunga leso yake kichwani, na leso ilionekana zaidi kuliko kichwa. "Nilijua kwa mkono," alisema. "Mdomo sikuupeleka huko."

Jua likaendelea kupoa. Kuna kitu kilimpata Mize katika kungoja huko, na wanaoujua mji ule hawatashangaa. Alikwenda kufunga koki kwa ajili ya jioni, na mkono ulioishika shaba ulikuwa na pete ya mama na kovu la mama la kuungua. Haukuwa mkono wa mama kabisa. Ulikuwa wa Mize zaidi, wa mama kiasi, na kwenye ncha za vidole ulikuwa wa mtu mwingine ambaye bado hajazaliwa. Aliungoja utulie. Ulipotulia, haukutulia kwa mmoja wao. Akajiuliza, kama mimi mwenyewe ni Mize kwa sehemu tu, na kwa sehemu ni Kazija, basi jioni hii anakuja kuulizwa nani? Nikisema hayupo, nani kati yetu atageuzwa? Alirudi nyumbani ameficha mkono ndani ya kanga.

Muulizaji aliitwa Faki. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti nzuri ya kuitia, na miguu iliyovimba kwa kusimama vizingitini. Hakuwa mkatili. Alikuwa na kawaida ya kufuta viatu kabla ya kuita, hata mahali ambapo hakuna vumbi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Bwana Faki."

"Mize."

"Nipo."

"Kazija."

"Nipo," mama alisema. "Nipo, na nilikuwepo ulipokuwa unakojoa kwenye mtaro wa hamamu, nikakukimbiza na ufagio, uko uchi. Mwulize, Mize, kama amesahau."

Mize alicheka kabla hajajizuia. Faki alimtazama, kisha akakitazama kiti. Alingoja, kwa haki, zaidi kuliko alivyotakiwa kungoja.

"Sikusikia kitu," alisema. "Wewe ulisikia?"

"Ndiyo."

"Kivuli?"

Walitazama sakafu. Kilikuwepo, chepesi kama alama ya kikombe juu ya meza.

Faki alisogea, akaomba radhi kwa ishara, akabonyeza ukingo wa mto kwa kiganja ili aone kama kuna mzigo unaozuia. Mto ulibonyea wote. "Uzito hakuna," alisema chini kwa chini. "Mwitikie, mwanangu. Neno moja."

Mize alifungua mdomo. Neno "yupo" likasimama upande huu, neno "hayupo" upande ule, na katikati yao palikuwa na uwanja mpana kama dunia, hauna mtu.

"Kidogo," alisema.

"Kidogo siyo neno la mlangoni."

"Yupo kidogo."

"Mize." Faki alivua kofia. "Nina nyumba zimebaki. Miguu hii unaiona. Unadhani wewe ndiye wa kwanza kutaka kusema kidogo? Sahani inawekwa au haiwekwi. Siwezi kwenda kuwaambia watu waweke sahani kidogo."

"Wanaweza kuweka chakula kidogo."

Mama alipiga makofi, bila sauti.

"Na sharti?" Faki aliuliza. "Sauti na kivuli na uzito."

"Sharti hilo linamsikiliza aliye dhaifu tu," Mize alisema. Maneno yalikuwa yanamtoka polepole, kila moja limepimwa. "Lingeweza kusema sauti, au kivuli, au uzito. Lingemsikiliza aliye na nguvu. Na ninyi mngeona watu wengine."

Faki aligeuza kofia mikononi, mzunguko mzima, kama anatafuta upande wake wa mbele. "Kiti cha mama yangu kimetazama ukuta," alisema mwishowe. "Nilikigeuza mwenyewe. Nilisema neno kwa sauti hii hii. Kama kuna kidogo, Mize, mimi nilifanya nini?"

Mize alimshika kiganja, jambo ambalo msichana kama yeye hakulifanya kwa mtu wa makamo ya baba yake, akampeleka kwenye kona, akakilaza kile kiganja kwenye doa la unyevu mbele ya kiti cha baba. Walisimama hivyo. Chumba kikawa kimya kwa namna ya watu wengi waliobana pumzi. Ikaja. Ikaondoka. Ikaja.

"Ni mvuke," Faki alisema.

"Kwa sehemu."

Aliutoa mkono na hakuupangusa. Alirudi mlangoni akiwa ameushika mbele yake kama kitu cha kumwagika. Pale kizingitini aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyekimbizwa na ufagio, na wa mzee kuliko alivyo. "Kiti hakitazami sehemu mbili," alisema. "Wala mimi siwezi kupita hapa na kuondoka bila kitu. Kiweke mahali. Popote utakapokiweka, nitasema ndipo. Lakini ukikiweka, usikiguse tena."

Hilo Mize alilielewa. Mkono lazima utue.

Alishika mgongo wa kiti ambacho mama yake alikalia. Kilikuwa chepesi kupita kiti kitupu. Akakitoa mezani kidogo. Akangoja, kama anavyongoja penye koki, zile sauti zimvute. Sauti ya mama ikavuta kuelekea meza, kwa nguvu. Kivuli kikavuta huko huko, kwa nguvu ya mtoto. Uzito usiokuwepo ukavuta kuelekea ukuta. Baba, kutoka konani, akavuta kwa ncha ya kidole. Ucheshi wa mama ukavuta, na machungwa, na kovu lile la kuungua. Mize alikigeuza kiti pole, miguu yake ikikwaruza sakafu, mpaka pembe ambayo mtu angeona meza kwa jicho moja na kona kwa jicho jingine. Akaachia.

Hapakuwa penyewe. Aliisikia ile hali mkononi, kama maji yanayokuja vibaya. Akakishika tena kabla Faki hajasema neno. Akakisogeza. Hapakuwa penyewe. Kuna aliyekuwa anavuta na hakuhesabiwa.

"Tulia," mama alisema. "Nani amebaki?"

Hakuna, Mize alijibu moyoni. Wote nimewasikiliza. Sauti, nimeisikiliza. Kivuli. Baba. Hakuna mwingine, mama, hakuna. Labda mvuke. Labda mkono huu ambao sio wangu wote. Labda asubuhi zile ninapoamka na kukutazama kwanza mto kabla ya uso. Labda mgongo wangu, unaouma kwa kubeba mtu asiye na uzito, maana mzito unamtua, wewe nitakutua wapi. Labda yule anayesimama nyuma ya mlango akisikiliza kama bado unakohoa, na ukikohoa anashukuru, anashukuru kwa moyo wake wote, isipokuwa kipande. Kipande kidogo. Hicho sikukihesabu. Nilikifukuza kwa kuwa ni kidogo.

Nje, Bi Hidaya alikuwa amesimama ukunguni na kopo lake la chokaa, brashi kavu. Faki alikuwa ameinamisha kichwa. Konani kiti cha baba kililia mara moja, kama mbao inapopata moto.

Mize alipiga magoti mbele ya mama yake, mahali ambapo bonde la mto lilikuwa karibu kujaa, na kwa sauti ambayo mtu aliye mlangoni aliweza kuisikia, akasema, "Nataka ubaki, mama. Nataka sana. Na kidogo, nataka uende."